Jina la Daraja la Nsasi

Hapo zamani, zamani ambayo baadhi ya mama zetu bado wanaikumbuka, palikuwa na mkoa mmoja wa milimani, na katikati ya mkoa huo ukapita mto Nsasi. Upande huu wa mto ni wilaya ya Ilundu. Upande ule ni wilaya ya Mwasanga. Watu wa pande zote mbili walikuwa wamoja: lugha moja, ndizi zile zile, na walioana tangu enzi za mababu. Walivukia daraja la magogo. Mwaka wa mvua kubwa mto ukalibeba, na tangu hapo aliyetaka kuvuka ilimbidi ateremke mpaka bondeni, azunguke, kisha apande mlima wa pili. Ilikuwa safari ya kulala njiani, safari ya vijana wenye magoti mazima, si ya mwanamke mwenye mimba au mtoto mgongoni.

Sasa, pale Ilundu palikuwa na mwanamke aitwaye Gwantwa. Kwao ni Mwasanga. Aliolewa Ilundu wakati magogo bado yapo, na mama yake, Bibi Atuganile, akabaki ng'ambo. Akisimama shambani kwake, Gwantwa aliuona moshi wa jiko la mama yake. Kila siku ya gulio alishuka mtoni, na mama naye akashuka upande wake, wakatazamana. Wakisema, maji yanameza maneno. Basi wakazoea kusemezana kwa kanga. Mama akiipunga juu, ni mzima. Akijifunika mabegani, baridi imemkamata. Gwantwa alipojifungua, alimnyanyua mtoto juu ya kichwa chake, na mama kule ng'ambo akapiga magoti, akanyoosha mikono kana kwamba anampokea.

Gwantwa akawaambia wanawake wenzake, "Tukikaa tunangoja, tutazeeka tukipungiana. Tuchimbe barabara mpaka mtoni. Serikali ikiikuta barabara, itaona haya kuacha kuweka daraja."

Wakachimba. Wakachimba na watoto mgongoni, wakachimba jua likiwaka, wakachimba udongo ukiteleza, mpaka wakafika chini kwenye kona, pale ukingo unapoteremka polepole. Halmashauri ya Ilundu ikafurahi, ikamwaga kokoto.

Ng'ambo nako Mwasanga walikuwa wanachimba. Wao walifikia juu, penye mwamba, kwa kuwa ndiko shule yao iliko. Hakuna aliyemuuliza mwenzake. Barabara ya Ilundu ikafika mtoni kule chini, ya Mwasanga ikafika kule juu, na kati yake msitu na magenge ya mawe.

Wakubwa wa Ilundu wakasema, "Mwasanga wailete barabara yao kwetu."

Wakubwa wa Mwasanga wakasema, "Ilundu wailete yao kwetu."

Kila wilaya mkono wake uliishia ukingoni. Katikati ya maji hapakuwa na mwenyewe, isipokuwa mkoa. Na mkoa kwa miaka ile ulikuwa umekaa kimya.

Ndipo akaletwa Katibu Tawala mpya wa mkoa, mwanamke aitwaye Kokushubila. Kwao ni mbali sana, kaskazini, kwenye ziwa kubwa. Huko alimwacha mume na binti yao Asimwe, aliyekuwa ndiyo kwanza anaanza shule. Wakati wa kuagana alimwambia, "Mwanangu, naenda kazini. Nitarudi kabla hujajua kusoma vizuri."

Kokushubila alipofika, hakukaa ofisini. Alikwenda mtoni siku ya gulio, akamkuta Gwantwa anapunga kanga.

"Dada, unampungia nani?"

"Mama yangu. Yule pale, mwenye kanga nyekundu."

Kokushubila akatazama ng'ambo. "Mara ya mwisho mlishikana mikono lini?"

"Kabla hajazaliwa huyu," akasema Gwantwa. Na huyo aliyemwonyesha alikuwa msichana mwenye ndoo ya maji kichwani.

Kokushubila akawaita wakubwa wa wilaya zote mbili. Wa Ilundu wakasema hawakanyagi ofisi ya Mwasanga. Wa Mwasanga wakasema hawakanyagi ya Ilundu. Akawapakia wote katika gari moja, akawazungusha njia ile ya bondeni. Wakakwama kwenye matope, wakasukuma gari pamoja, wakalala njiani bila blanketi. Kulipokucha akawauliza, "Mama mjamzito mnampitisha hapa?" Safari ile ndiyo iliyowafungua midomo wakaanza kusemezana.

Mhandisi wa mkoa akapima. Akasema kule chini kwenye kona ni mchanga mtupu, daraja halitasimama. Litasimama juu tu, kwenye mwamba. Kwa hiyo barabara ya Ilundu iachwe, ichimbwe nyingine ya kupanda. Nayo njia ya Mwasanga, iliyokuwa nyembamba, ipanuliwe, ipite katikati ya shamba la mzee mmoja aitwaye Anyandwile.

Wanawake wa Ilundu waliposikia, wakakaa chini. Gwantwa akasema, "Mama Katibu, barabara ile tumeichimba kwa mikono hii. Unatuambia tuiache iote majani?"

"Nawaambia tuiache, dada yangu. Na siku ya kuanza ile nyingine nitakuja na jembe langu."

Akaja na jembe lake. Wakachimba upya.

Mzee Anyandwile yeye alikataa. Katikati ya shamba lake la kahawa palikuwa na kaburi la mkewe, Ikupa, aliyeipanda kahawa ile kwa mikono yake. Kokushubila akaenda kwake, wakanywa chai, wakazungumza habari za mvua, akaondoka. Akaenda tena. Mara hiyo mzee mwenyewe akaanza.

"Kila asubuhi nakunywa chai hapa, karibu naye. Namweleza habari za nyumbani. Mkimhamisha, nitakunywa na nani?"

Kokushubila akaligeukia kaburi. Akamaliza chai yake, akaaga.

Wiki chache baadaye mzee alishuka mtoni. Akamwona Bibi Atuganile akiteremka ukingoni, ameshikwa mkono huku na huku, mguu wake unatafuta pa kukanyaga, kwa sababu ya kupunga kanga tu. Mzee akarudi, akatuma ujumbe mkoani: "Mke wangu amekwisha kukaa. Yule bado anatembea. Mhamisheni aliyekaa, ili anayetembea avuke."

Wakamhamisha Ikupa kwa heshima zote, wakampeleka mlimani. Mzee akapanda kahawa kumzunguka, lakini kule juu kuna upepo, kahawa haikushika. Ikawa akitaka kunywa chai na mkewe, inambidi apande mlima na birika mkononi, na mara nyingi anafika chai imepoa.

Kazi ikaanza. Ilundu wakaleta mchanga, Mwasanga wakaleta mawe, mkoa ukaleta saruji na mafundi. Ilundu wakanuna, wakaacha kuleta mchanga. Kokushubila akaenda, akawaketisha, kazi ikaendelea. Mwasanga wakanuna, wakaacha kuleta mawe. Kokushubila akaenda, akawaketisha, kazi ikaendelea.

Siku moja akapigiwa simu. Akaambiwa kuna nafasi kwao, ziwani, arudi. Mumewe naye akapiga: "Asimwe anakuulizia. Njoo." Kokushubila akatazama dirishani, upande wa mtoni. Nguzo zilikuwa hazijafika hata kifuani. Akajua akiondoka, atakayekuja ataanza kujifunza majina ya watu, na watu wale watarudia ugomvi wao. Akasema, "Bado." Baadaye akaitwa tena, akasema tena, "Bado." Alipopata likizo akasafiri kwenda kwao. Akafungua mlango. Binti mrefu akainuka kwenye kiti, akamtazama, akapiga goti kwa adabu na kusema, "Shikamoo, shangazi."

Alirudi mtoni, wala hakumsimulia mtu kwa muda mrefu.

Mvua za mwaka ule zikasimamisha kazi, zikafunga na njia ya bondeni. Nguzo zilikuwa zimesimama, bado sakafu ya daraja kulazwa juu yake. Siku ya gulio Gwantwa akashuka kama kawaida. Ng'ambo wakatokea wanawake wa ukoo wao, mama hayumo. Mmoja alikuwa ameishika ile kanga nyekundu mikononi, imekunjwa. Hakuipunga. Gwantwa akaelewa. Akakaa juu ya jiwe. Kule juu watu walikuwa wanakusanyika kwenye ua wa mama yake, anawaona, wanafungua vinywa kulia, na yeye hasikii ila maji. Mama alizikwa mwana akitazama kutoka ng'ambo.

Mvua zilipokatika, Gwantwa alikuwa wa kwanza kufika na ndoo ya mchanga. Wenzake wakamwambia, "Wewe pumzika. Sasa unavuka kwenda kwa nani?"

Akasema, "Wapo wenzangu ambao mama zao wapo." Akajitwisha.

Daraja likaisha. Likasimama juu ya mwamba, pana, lori linapita na mtu anapita. Siku ya kufungua, watu wa Ilundu na watu wa Mwasanga wakakutana katikati, wakashikana, wengine wakashindwa kuachiana. Palikuwa na wazee waliotafutana nyuso, kila mmoja akimtafuta kijana aliyemjua. Gwantwa akavuka, akapita watu wote bila kusimama, akaenda kwenye kaburi la mama yake, akakaa huko mpaka jioni.

Likabaki jambo moja. Mafundi walikuwa wamechonga jiwe la kuweka mwanzoni mwa daraja, liandikwe jina, jina moja. Kikao kikaitwa pale pale mtoni.

Gwantwa akasimama. "Naomba liitwe Atuganile. Mama yangu alishuka ukingo huu mpaka miguu ikamkatalia. Tulichimba barabara mara mbili kwa ajili ya kumfikia, na sikumfikia. Mkimwandika hapa, kila atakayevuka atakuwa amepita kwa mama yangu. Mimi sikupita."

Watu wa Ilundu wakasema, "Ni haki yake."

Mzee Anyandwile akasimama. "Naomba liitwe Ikupa. Nyote mlitoa jasho, na jasho hukauka. Mimi nilimtoa aliyelala. Gari zitapita mahali alipokuwa kichwa chake. Sitaki kingine, nataka tu anayepita pale ajue palikuwa na mtu."

Watu wa Mwasanga wakasema, "Ni haki yake."

Ndipo mafundi wakasema, "Na Mama Katibu je? Bila yeye tungekuwa na barabara mbili na maji katikati. Mwandikeni Kokushubila."

Watu wakamgeukia, wakidhani atakataa kwa adabu, kama wakubwa wanavyokataa. Hakukataa. Akasema, "Nilitumwa na serikali kuwapatanisha, na nililipwa mshahara wangu. Kwa kazi hiyo sidai kitu. Lakini nina binti ambaye aliniamkia shangazi. Ipo siku ataniuliza nilikuwa wapi alipokuwa anakua, na nikimweleza kwa mdomo hataniamini. Ningemleta hapa. Ningemsimamisha mbele ya jiwe hili, asome mwenyewe. Na mimi naomba."

Ilundu hawakuweza kumwambia mzee hapana. Mwasanga hawakuweza kumwambia Gwantwa hapana. Na wote hawakuweza kumwambia hapana yule mama aliyekwisha kufunga mizigo yake ya kwenda ziwani. Fundi akakaa na patasi mkononi, anangoja aambiwe herufi ya kwanza.

Mimi hadithi yangu imefika ukingoni, wala siwezi kuvuka peke yangu. Gwantwa hakumgusa mama yake tena. Anyandwile alimhamisha mkewe. Kokushubila alipoteza utoto wa binti yake. Na jiwe lina nafasi ya jina moja. Enyi mlioketi hapa, fundi anawatazama nyinyi. Je, ni nani aliyestahili, na mngemwambia aandike jina lipi?