Mtamba wa Mtambo wa Gesi

Sogeeni karibu, nina kesi ya kuwapa. Mimi imenishinda.

Katika kijiji cha Lukata, kwenye vilima vya migomba na ng'ombe wa maziwa, waliishi watu watatu. Tusekile alikuwa na jicho, hakuna jambo lililompita. Ambakisye alikuwa na mikono, chuma chochote kilimtii. Mama Subilaga, aliyegandisha mtindi tangu usichana wake, alijua joto kwa kiwiko tu.

Kijiji kilikuwa na mtambo wa gesi. Samadi na mabaki ya jikoni viliingia huku, gesi ikatoka kule kupikia uji wa shule, na tope lililobaki likarutubisha bustani. Halafu watu wakaanza kuhara. Atu, binti wa Tusekile, akalazwa. Wengi walilaumu maji ya mto, wachache wakaushuku mtambo.

"Tusipojua sababu kabla ya mvua," akasema mwenyekiti wa kijiji, "hata mtambo tutaufunga."

Pale kitandani pa mwanawe, Tusekile alihesabu wagonjwa, moyo ukamlipuka. Wote walikula kachumbari ya bustani zile! Waliopika mboga zao walikuwa wazima. Akakimbiza chupa ya tope kwa bwana mifugo. Likapimwa.

"Umepatia, dada. Vijidudu vya samadi vinapita mtamboni vikiwa hai. Uchafu upashwe moto nyuzi sabini, saa nzima, kabla haujaingia."

Upashwe kwa kutumia nini sasa? Ambakisye akachukua mapipa mawili, moja ndani ya jingine, akajaza maji katikati, chini akaweka jiko linalotumia gesi ya mtambo wenyewe. Siku nne alichomelea bila kupumzika. Kipimo kilipogota sabini, Tusekile alimkumbatia mbele za watu.

Lakini wiki haikuisha, gesi ikakatika. Jiko la shule likazimika, watu wakacheka. Tusekile alitamani ardhi immeze.

Ndipo Mama Subilaga akafika, akachovya kiwiko kwenye uchafu uliokuwa ukimiminwa mtamboni. Akaruka.

"Wanangu! Mtindi mnauweka kwenye maziwa yanayochemka? Humo ndani kuna vijidudu vyetu, ndivyo vinavyotupa gesi. Mnaviunguza!"

Kuanzia hapo kila pipa lilisubiri kupoa mpaka yeye aseme, "Sasa." Wiki ya tatu Ambakisye akawasha kiberiti. Wuuu! Moto wa buluu! Vigelegele vikapaa. Tope likapimwa tena, safi. Atu akatoka hospitalini akikimbia.

Chama cha wafugaji kikaleta mtamba mwenye mimba. "Ni wa aliyeuokoa mtambo. Mtu mmoja tu."

"Bila mimi mngekuwa mnalaumu mto mpaka leo," akasema Tusekile, mkono tayari uko shingoni mwa mtamba.

"Na bila pipa langu, dada, ungebaki na maneno matupu," akajibu Ambakisye.

"Pipa lililozima jiko la shule?" Mama Subilaga akauliza taratibu. "Nani aliliwasha tena?"

Umati ukagawanyika mafungu matatu, kila fungu likipiga kelele. Mwenyekiti ameshika kamba, jasho linamtoka, anamtazama huyu, anamtazama yule.

Haya, nanyi semeni. Ungekuwa wewe mwenyekiti, kamba ungemkabidhi nani?