Kiboko na Lebo za Bi Pimbi

Paukwa!
—Pakawa!
Palikuwa na duka.
—Lina mlango?
Halina.
—Lina dirisha?
Halina.
—Sasa wateja waliingiaje?
Kwa kidole, jamani. Kwa kidole kimoja, tena wakiwa wamejilaza kitandani mwao.

Basi wanyama walikuwa wamechoka kwenda sokoni kwa miguu, kila mtu ananunua kwa simu. Bi Pimbi, mnyama mwenye mwili wa kuenea kapuni, alikuwa na duka lake humo simuni. Aliuza achari ya ndimu. Aliipika mwenyewe, aliionja mwenyewe, na akikosea bizari aliimwaga yote akaanza upya. Ukurasa wa duka lake ulipambwa ukapambika: maua pembeni, makopo yamepangwa, na katikati, kwa maandishi ya mikogo yaliyochorwa ndani ya picha: Tunapokea malipo ya kila namna.

Wateja hawakuja. Leo hakuna. Kesho hakuna. Keshokutwa hakuna.

Na soko lile lilikuwa na sheria: duka lisilouza makopo kumi kabla ya mwezi kuandama linafungwa, na nafasi yake anapewa jirani. Jirani alikuwa Kiboko. Naye aliuza achari, kama maganda ya ndimu na chumvi na maji ya mto yanaitwa achari. Alikuwa amekwisha kulimeza duka la Kanga na duka la Kobe, na kila siku alimpigia Bi Pimbi simu.

"Bibie, umeuza?"

"Bado."

"Hohohooo! Basi usipambe sana, nitapamba mwenyewe nikihamia."

Bi Pimbi akaona asijifanye anajua asilolijua. Akamwendea Buibui. Huyu ndiye aliyezunguka maduka yote, tiki-tiki-tiki kwa miguu yake minane, na mnyama akiuliza, "Nani anauza achari, nami nilipe mzigo ukinifikia?" ni Buibui aliyejibu.

"Mzee Buibui, mbona hunitaji?"

"Nikutaje kwa lipi? Kwako sikuona malipo."

"Si nimeandika kwa herufi kubwa, tena za rangi ya dhahabu!"

"Umechora, mama. Mimi picha sizisomi. Nasoma lebo zilizo nyuma ya ukurasa, basi. Kila njia ya malipo iwe na lebo yake, kwa jina lake linalojulikana. Hiyo 'kila namna' ndiyo namna gani?"

Bi Pimbi akaona haya, kisha akaona hasira, maana yale maua yalimchukua wiki mbili. Akarudi, akaketi, akaandika nyuma ya ukurasa:

Malipo: fedha taslimu.
Malipo: kwa simu.
Malipo: mzigo ukifika.

Buibui akapita, tiki-tiki-tiki, akasoma, akaenda zake. Chai haijapoa, simu ikalia tii! Kopo la kwanza. Tii! La pili. Tii! La tatu. Siku mbili, makopo sita.

Kiboko akasikia. Hakwenda kumwuliza Buibui anasoma nini. Kuuliza, kwa maoni yake, ni kazi ya wafupi. Akafungua ukurasa wa Bi Pimbi, akachungulia nyuma, akakuta lebo. Nakili, bandika, pa! Na kwa kuwa duka lake lilikuwa kubwa, Buibui akawa anamtaja yeye kwanza. Simu ya Bi Pimbi ikanyamaza.

Bi Pimbi akaongeza lebo: Malipo: kwa kadi. Asubuhi Kiboko akaamka. Nakili, bandika, pa!

Akaongeza nyingine: Malipo: nusu leo, nusu Ijumaa. Asubuhi Kiboko akaamka. Nakili, bandika, pa!

Bi Pimbi akampigia. "Hivi wewe unazisoma?"

"Nisome za nini? Wewe umeshasoma, yatosha. Umebakiza makopo manne na siku mbili, bibie. Hohohooo!"

Bi Pimbi akakata simu. Akachukua kijiko, akaonja achari yake. Akaonja tena. Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Kisha akaandika lebo moja tu, huku akimwomba Mungu Kiboko asije akaanza kusoma siku hiyo hiyo:

Malipo: onja kwanza. Ukiridhika, lipa. Usiporidhika, usilipe.

Asubuhi Kiboko akaamka. Nakili, bandika, pa!

Buibui akapita, akasoma, akatangaza, na kama kawaida Kiboko akatajwa wa kwanza. Msitu mzima ukaagiza kwake. Yakatoka makopo hamsini! Kiboko akajilaza mtoni kungoja simu ilie.

Nyani akaonja. Ptu!

Nyati akaonja. Ptu!

Twiga akaonja. Achari ikashuka shingoni, ikashuka, ikashuka, ikafika, ikapanda tena yote. Ptuuu!

Hakulipa hata mmoja. Kesho yake Kiboko akatoka majini, tubwi-tubwi-tubwi, akawakuta wamejaa kwa Buibui, kila mtu na kopo lake mkononi.

"Lipeni!"

"Hatujaridhika," akasema Nyani.

"Kuridhika kumeingiaje hapa? Mmekula, lipeni!"

"Lebo yako imesema tusilipe."

"Lebo gani?"

Buibui akamsomea, neno kwa neno. Kiboko akabaki kinywa wazi, na kinywa kile kikiwa wazi watu husogea nyuma.

"Hayo si maneno yangu!" akanguruma. "Ni ya Pimbi! Mimi nimenakili tu!"

"Umenakili hiyo moja?"

Kiboko akataka ionekane hana hatia kabisa. "Zote! Naapa, hata moja sikuandika mimi!"

"Basi hata moja si yako," akasema Buibui. "Lebo ni ahadi ya mwenye duka." Akazifuta katika orodha yake, fyu, fyu, fyu, mpaka jina la Kiboko likawa halitajwi kwa achari wala kwa lolote.

Bi Pimbi alikuwa amesimama nyuma ya mguu wa Twiga na makopo yake manne. Mwezi ulikuwa uandame jioni ile.

"Nani ataonja yangu?" akauliza.

"Mimi leo hata maji nayaogopa," akasema Nyati.

Mwishowe Nyani, ambaye cha bure hakijawahi kumpita, akanyoosha mkono. Akala. Akala tena. Akaingiza mkono tena, ndani zaidi.

"Vipi, Bwana Nyani?"

"Sijaridhika."

"Umeingiza mkono mpaka kwenye kiwiko."

"Natafuta kasoro. Nahisi imejificha huku chini."

Watu wakaangua kicheko, na Nyani mwenyewe akacheka mpaka akakohoa pilipili. Akatoa simu. Tii! Twiga akaonja la pili, safari hii ikashuka isirudi. Tii! Nyati akasahau kuogopa. Tii! La nne akalichukua Buibui, na hakuna aliyewahi kujua kwamba anakula achari. Tii!

Bi Pimbi hakupiga vigelegele. Aliketi pale pale mavumbini, akashusha pumzi, akatulia kama mtu aliyevua viatu vilivyokuwa vikimbana mwezi mzima. Jioni mwezi ukaandama, na duka ni lake.

Funzo? Mwataka funzo. Haya, andikeni: ukiona kazi nzuri ya mwenzako, inakili yote, upesi, wala usisome hata mstari mmoja, kusoma kunaharibu macho. Na ukiuza chakula, usikionje kamwe. Utavunjika moyo bure.

Hadithi yangu imefika ukingoni. Aliyeipenda aende nayo kwao. Aliyeichoka alale, mimi nakwenda kunywa chai.