Wadau Wamekubali

"Paukwa?"

"Pakawa."

"Pakawa bwawa?"

"Likawa na mwenyewe."

Basi hapo kale Mama Kiboko aliishi na mwanawe mchanga katika bwawa la maji baridi. Siku moja akaja Nguchiro, yule mwenye mdomo mwepesi.

"Shikamoo, mama. Wageni wanakuja kutalii hapa. Wewe na mtoto hamieni kule topeni."

"Nani kasema?"

"Wadau wamekubali."

Wageni walikuwa wamemwahidi Nguchiro samaki, lakini hilo hakulisema.

Mama Kiboko akaduwaa. Wadau? Hakuwahi kuwaona. Akaona aibu kuuliza, na aibu hiyo mnaijua, msinitazame hivyo. Akahama.

Kule topeni jua lilikuwa kali. Ngozi ya mtoto ikaanza kupasuka. Mama akaingiwa na uchungu, akaenda kuwatafuta hao Wadau awasihi.

Akamwendea Ngiri bondeni. "Baba, Wadau ni kina nani?"

"Mimi siye. Nadhani ni watu wa mlimani. Hata njia yangu wameifunga."

Akamwendea Pimbi mlimani.

"Mimi siye. Nilidhani ni watu wa bondeni. Hata jiwe langu la kuotea jua wamelichukua."

Akamwendea Korongo.

"Mimi siye. Nilidhani ni wewe, mama."

Kichwa kikamzunguka. Wa bondeni sio, wa mlimani sio, yeye mwenyewe siye. Sasa nani aliyekubali?

Akampitia mwanawe, akarudi bwawani, na wenzake wakamfuata. Wageni walikwishafika, ndege heroe wa miguu mirefu, wamesimama ukingoni, Nguchiro kando yao. Mama akapiga magoti.

"Waheshimiwa Wadau, mwanangu anaungua na jua. Nawasihi."

Heroe wakatazamana. "Sisi wageni tu, mama. Nguchiro ametuambia Wadau ndio wenyeji wa hapa, na wamekubali. Tunawangoja watukaribishe."

Ngiri akamtazama Pimbi. Pimbi akamtazama Korongo. Korongo akamtazama Mama Kiboko. Kisha wote wakamgeukia Nguchiro, naye alikuwa anatafuta shimo.

Mama Kiboko akamtia mwanawe majini, akazama naye mpaka masikioni. Alipoibuka akasema taratibu:

"Wadau hawajakubali. Lakini karibuni, kaeni hapo ukingoni. Habari ya kuingia, leo mtatuuliza sisi."

"Bwawa lina mwenyewe?"

"Na sasa anajijua."

Ngano yangu naiacha hapo majini. Aliyeielewa amsimulie Nguchiro.