Rangi Mpya ya Gari la Mjane

Wapendwa, leo nina habari ya gari. Wazee wa kanisa, msinikunjie uso, nivumilieni kidogo.

Kulikuwa na mjane mmoja ambaye mumewe alimwachia gari la michezo la zamani, dogo, la milango miwili. Injini yake iko nyuma, haina rejeta, inapozwa na upepo tu. Majirani walimtania, "Mama, gari gani hilo halinywi maji?" Lilikaa miaka mingi bandani pamoja na ng'ombe. Rangi ilikuwa imefifia, na mlangoni palikuwa na mkwaruzo mrefu wa pembe.

Mama huyu alikuwa na binti aliyepata nafasi chuo cha uuguzi, na ada hakuna. Akaamua kuliuza.

Akaja bwana mmoja kutoka mjini, mkusanyaji wa magari ya namna hiyo. Jamani, watu wana mapenzi! Na shati lake jeupe akalala chini kwenye mavi ya ng'ombe, anamulika namba ya injini kwa tochi. Kisha akapitisha sumaku kwenye bodi, taratibu, kutoka mbele hadi nyuma, kuona kama kuna mahali palipozibwa kwa kitu kisicho bati. Akainuka anacheka.

"Mama, nalitaka hivi hivi lilivyo. Jumamosi nakuja kulichukua."

Akataja bei. Mama ikabidi akae. Binti alianza kupanga nguo zake siku hiyo hiyo.

Mmesikia yule bwana alivyosema? Hivi hivi lilivyo. Lakini mama alidhani ni uungwana tu. Si ndivyo tunavyosema tukipewa chai isiyo na sukari? "Hivi hivi inatosha." Akajiambia, mtu amelala mavini kwa ajili ya gari langu, nami nimkabidhi likiwa limechakaa? Hapa kwetu hata kuku wa zawadi tunamfuta tope miguuni. Basi akauza mtamba wake, akaita fundi rangi. Fundi akapiga msasa gari zima mpaka bati likawa jeupe, akapaka nyekundu mpya. Likang'aa mpaka watoto wakaja kujitazama.

Jumamosi bwana akafika na lori. Akalizunguka gari.

"Mama, umefanya nini?"

"Nimelitengeneza, mwanangu. Ungenionaje, nikupe kitu kibaya?"

"Rangi ile ilikuwa ya kiwandani. Haikuwahi kuguswa. Ndiyo niliyokuja kununua."

"Basi tuikwangue hii!"

"Ya kwanza ilishaondoka na msasa, mama."

Mama akaanza kulia. "Lakini lilikuwa baya! Lilikuwa na mkwaruzo mlangoni!"

Yule bwana akasema, "Niliuona. Niliuona wote, nikalitaka."

Akapanda lori lake, akaenda. Mwaka ule binti hakwenda chuo.

Mnamhurumia mama? Mimi pia. Lakini tujihurumie sisi kwanza. Maana sisi Mungu alituona tulipokuwa bandani. Hakutuona kwa mbali, alilala chini akatumulika. Anaijua kila alama. Akasema nakutaka. Nasi tukafanya nini? Tukakimbilia fundi rangi! Tunakuja hapa Jumapili tumenyooshwa kama suti zetu, tunaomba kwa sauti ambayo nyumbani hatuna. Tunadhani tunamheshimu. Kumbe tunamwambia, uliyemwona siku ile si mimi.

Sasa, sitasema Mungu ni kama yule bwana, hapana. Yule aliwasha lori akaondoka. Mungu wetu haondoki. Lakini naye ataanza kubandua rangi hiyo, na wale waliopakwa kwa miaka ishirini, nawaambia kweli, itawauma.

Tusisubiri kubanduliwa. Leo usiku ukipiga magoti, usimwambie, "Bwana, mimi ni mwenye dhambi," halafu ukalale. Hiyo kila mtu anaijua kwa moyo. Taja. Sema, "Mama yangu ananipigia simu, naiangalia inaita mpaka inakatika." Sema, "Ndugu yangu amepata kazi, na mimi nimechukia." Sema hivyo hivyo, kwa maneno yale yale unayoona aibu kuyasema. Huyo, pamoja na aibu yake, ndiye ambaye Mungu alikuja kumchukua.