Karatasi ya Gharama

Mbaruku, tajiri wa magodoro, alifukua hukumu ya miaka kumi na minane iliyopita, iliyosema Sikudhani, muuza vitumbua, ana deni lake la kitanda. Akataka kumnyang'anya kibanda. Sikudhani akaenda mahakamani kuipinga.

Kabla ya uamuzi alimwendea mzee Mbaruku kwa unyenyekevu.

"Shikamoo, mzee. Nikishindwa, nitakulipa gharama gani za kesi? Niandikie nianze kujikusanya."

Mbaruku akaandika kwa raha: teksi, biriani, mtu wa kumshikia mwavuli, hina ya ndevu.

"Mbona nyingi, mzee?"

"Nyingi? Yeyote wa mtaa huu akienda mahakamani hutumia hizo hizo!"

"Basi andika hivyo utie sahihi, nisije nikakubishia."

Akatia.

Hukumu ile ikafutwa, maana Sikudhani hakuwahi kuitwa shaurini. Hakimu akaamuru Mbaruku amlipe gharama zake.

"Gharama gani?" Mbaruku akafoka. "Huyu alikuja kwa miguu, akala mhogo!"

Sikudhani akatoa ile karatasi. Hakimu akaisoma, kisha akamtazama Sikudhani kidevuni.

"Mama, hata hina ya ndevu?"

"Mheshimiwa, hata mimi nilikuwa sijui kama ninazo. Lakini mzee ametia sahihi, nami nilimwahidi sitambishia."