Mpangisha Majirani

Palikuwa na tajiri mmoja katika mji wa Mtambuni, jina lake Ghalib bin Nasibu, aliyekuwa akipangisha majirani. Nyumba alikuwa nazo, tena mitaa mitatu mizima, lakini mwenyewe alisema nyumba anazitoa bure. Anachotoza ni watu wanaokaa humo.

Msinicheke mimi, mchekeni yeye. Mtambuni ndiko Sultani alikojenga karakana za mitambo ya kufikiri, ile inayojua jibu la hesabu yako kabla hujaitaja, na mafundi wakamiminika kutoka kila pembe. Mishahara ilikuwa minono. Kodi ilikuwa minono zaidi. Mtu alipokea kwa mwezi fedha ambazo kwao angejengea nyumba, na kwa fedha hizo hizo Mtambuni alipata pa kulaza ubavu mmoja. Mafundi walioweza kuuamuru mtambo uhesabu nyota walikuwa wakioga kwa zamu, watu tisa ndoo moja.

Humo akaingia Vuai, mpishi wa vitumbua, aliyeitwa awapikie hao mafundi. Dalali mmoja aitwaye Songoro akamtafutia chumba, akala kodi ya mwezi mzima kwa kumwonyesha mlango. Ghalib akataka kodi ya miezi sita mbele na kilemba juu yake, yaani ile bakshishi ya kumshukuru mwenye nyumba kwa kuzipokea fedha zako. Chumba chenyewe kilikuwa stoo chini ya ngazi. Vuai akilala, miguu ilibaki ukumbini, na wapangaji wa juu waliiruka wakienda chooni. Wengine waliisalimia.

Miezi sita ikapita. Vuai akampelekea mkewe, Mize, salamu kwamba auze mbuzi, auze na nyumba, aje. Mize akauza. Wiki ile ile Ghalib akafika na habari njema: ghorofa ya juu kahamia fundi mkuu wa karakana, mtu ambaye Sultani mwenyewe humtangulia kwa salamu. Nyumba imepanda hadhi, basi kodi ya stoo inapanda mara mbili. Asiyeweza atoke kabla ya Ijumaa.

Ijumaa ndiyo siku aliyokuwa anafika Mize, na kwao hapakuwa tena na mlango wa kurudia. Vuai aliogopa, nisiwadanganye. Akaenda kumshitaki Ghalib kwa kadhi.

Mahakama ikajaa. Wote waliojaa walikuwa wapangaji wa Ghalib, na kadhi naye alikuwa mmoja wao, ndoo ya kuogea akishirikiana na karani wake. Ghalib akaketi kwa utulivu wa mtu aliye nyumbani kwake, maana jengo lile nalo lilikuwa lake. Kadhi akamwuliza chumba kimeongezwa nini hata kodi iongezwe.

"Hakikuongezwa kitu, Bwana Kadhi," akasema Ghalib. "Mimi sitozi chumba. Kile chumba ningekitoza ningeona haya. Natoza majirani. Huyu sasa anakaa chini ya fundi mkuu. Kule kwao alikaa chini ya nani?"

"Chini ya paa," akasema Vuai.

"Paa halina hadhi."

"Wala haliruki miguu yangu."

Kadhi akamtaka Vuai ajibu hoja. Vuai akasema hoja ameielewa, tena ameipenda: jirani mwema ni mali, na anayemfaidi jirani alipe. Alikuwa na swali moja tu.

"Fundi mkuu ni jirani yangu, bwana. Na mimi ni nani kwake?"

Ghalib akajibu, upesi kidogo kuliko ilivyofaa, kwamba mkaanga vitumbua si jirani wa mtu, ni mkaanga vitumbua.

Vuai akaomba Songoro dalali asimame. Songoro alikuwa na kasoro moja, aliionea fahari kazi yake. Akaambiwa aseme vile alivyomnadia fundi mkuu ile ghorofa, naye akakohoa, akaweka kofia sawa.

"Vyumba viwili, dirisha moja, maji Jumatatu na Alhamisi. Na chini ya ngazi yupo Vuai, ambaye vitumbua vyake vinakufikia vya moto kabla hujavaa viatu."

Kadhi akauliza fundi mkuu alivutiwa na lipi. Songoro akasema dirisha hakulitazama. Watu wakajiziba midomo, isipokuwa kadhi, ambaye hakujiziba.

"Basi bwana Ghalib," akasema Vuai, "umenipangisha mimi kwa fundi mkuu. Umenipangisha kwa nyumba nzima. Mimi unanitoza kwa kuwa nao, wao unawatoza kwa kuwa nami. Fungu langu liko wapi?"

"Huna fungu. Hupendi, ondoka."

"Naondoka. Stoo ni yako, nakuachia. Ila kabla sijafika mlangoni wapunguzie hawa kodi, maana mali waliyoilipia inatoka nje."

Wapangaji wa nyumba ile wakasimama wote pamoja. Kadhi akasema hoja hiyo ina uzito, na kwamba yeye angependa upunguzaji uanzie mtaa wake. Ghalib akapiga hesabu bila mtambo, na jibu halikumfurahisha. Akamgeukia Vuai kwa sauti ya mtu anayetoa sadaka.

"Kaa. Kodi ile ile ya zamani. Na nisikusikie tena."

"Haiwezekani, bwana," akasema Vuai. "Ya zamani ilikuwa ya mimi peke yangu. Ijumaa anafika mke wangu, naye kwa mapishi ananishinda mbali. Nyumba inapanda hadhi. Unatulipa ngapi?"