Uwaziri Nilioukwepa

Rais wetu alipenda kuteua watu wasiojua kitu, na alipochoka kutafuta akaniita mimi Ikulu. Mawaziri wa maji waliotangulia wote walikuwa rumande.

“Chambuso, nataka uwe Waziri wa Maji.”

“Mheshimiwa, mimi ni mvivu. Nasinzia kwenye vikao.”

“Baraza zima linasinzia.”

“Kuhusu maji sijui lolote. Hata kuoga nakumbushwa na mke wangu.”

“Safi sana. Hutanibishia.”

Kila nilivyojiponda, ndivyo alivyozidi kunipenda. Mara ngoma zikasikika kule getini, na wanawake wakaimba: Chambuso baba yetu, Chambuso tegemeo la taifa.

Rais akasogea dirishani. “Nani hao?”

“Wananchi tu, Mheshimiwa. Nimewakataza, hawasikii. Wanasema hata kiti chako kingenienea.”

Akafunga pazia taratibu. “Unajua, Chambuso, umesema kweli. Wewe ni mvivu mno.”

Nikatoka kichwa chini kama mfiwa. Getini mke wangu alikuwa anafungasha ngoma na dada zake, jasho likimtiririka.

“Siku nyingine utuagize tuimbe uvivu wako,” akasema. “Huo tungeuimba bila mazoezi.”